Makombo Chini ya Mialoni

Jumapili, tarehe 12 Oktoba 2025. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeilalia Birmingham tangu alfajiri, ukafunika paa za maghala ya Nechells na kuacha vioo vya magari vikitiririka maji. Hapakuwa na upepo wala mvua, ila baridi tu, ile ya kimya inayoingia mifupani bila kubisha hodi.

Peninah alitoka nyumbani kabla ya mtaa kuamka. Alikuwa muuguzi, mjane na mfugaji wa nguruwe, na katika hayo matatu ni la mwisho tu lililowafanya watu wamcheke. Nguruwe wake walikuwa tisa, wekundu kama udongo wa Gatundu kwao Kenya, wa ile aina inayoitwa Tamworth kwa jina la mji jirani. Aliwafuga nje ya jiji, kwenye vilima vilivyo juu ya Halesowen, katika kipande cha msitu alichokodishwa na mwanamke mzee wa Kiingereza aitwaye Audrey.

Hakuwafungia. Walizunguka chini ya miti ya mialoni wakifukua mizizi, wakagaagaa katika dimbwi lao la matope, na usiku wakalala kwenye vibanda vya mabati vilivyojaa majani makavu ya ngano. Mikia yao haikukatwa na pua zao hazikutiwa pete. Waya mwembamba wa umeme ndio uliowazuia wasitoroke, na kila walipomaliza kuupindua udongo wa upande mmoja, Peninah aliuhamisha waya na kuwafungulia upande mwingine. Msimu huu mialoni ilikuwa ikiangusha mbegu zake, nao walizitafuna kutwa kucha, kra, kra, kra, kama watoto wenye njugu. Nyama ya nguruwe aliyeishi hivyo huwa nyekundu iliyokoza, na mafuta yake huwa meupe, magumu, yenye utamu unaobaki mdomoni. Ila hukua polepole. Peninah aliamini kwamba polepole ndiyo njia yenyewe. Shemeji yake, Njoroge, aliamini kwamba ni uvivu uliopewa jina zuri.

Jumanne iliyokuwa ikija, wakubwa watano walikuwa waende machinjioni. Wangekuwa wa kwanza tangu aanze kufuga, na kila alipolifikiria jambo hilo Peninah alihisi furaha na huzuni zikigombea kiti kimoja ndani yake.

Alifungua lango akaita kama kawaida, "Njooni! Njooni, wanangu!"

Siku zote mwito huo ulileta mbio, vumbi na kelele za kusukumana. Leo walikuja wanne tu, wakijikokota kama wazee waliotoka karamuni. Wengine walibaki wamelala, matumbo yametuna. Peninah akaenda kutazama hori. Ndani yake kulikuwa na punje za wali wa kahawia zilizogandana kwa mafuta, nusu ya chapati, na mabaki ya mukimo, ule mseto wa viazi na mahindi uliopondwa, yaliyokwisha kukanyagwa. Akaokota kijiti kidogo, akakinusa. Kilikuwa mdalasini.

Pilau ile aliijua. Aliipika yeye mwenyewe jana, kwa karamu ya kanisa ya kushukuru mavuno.

Kisha akasikia kitu kikivunjika. Jike mmoja, yule mwenye sikio lililochanika, alikuwa amesimama kando ya kibanda akitafuna mfupa wa ubavu. Peninah akamrukia, akaushika mfupa ule upande mmoja. Ikawa vuta nikuvute katika matope, mtu na mnyama.

"Achia! Achia, shetani wewe!"

Jike akaachia, akarudi nyuma akimtazama kwa mshangao, maana hakuwahi kuitwa jina hilo. Peninah akabaki na mfupa mkononi. Ulikuwa mfupa wa nguruwe. Akamwomba Mungu msamaha kwa neno lile, kisha akaketi juu ya ndoo.

Msomaji wa kwetu atauliza, kosa liko wapi? Kwetu nani asiyejua kwamba nguruwe ni mla makombo? Hoteli zikimaliza kuuza, mfugaji hufika na mapipa yake. Lakini Uingereza sheria inakataza kumpa nguruwe chochote kilichopita jikoni, hata ganda la kiazi. Ugonjwa unaweza kupanda ndani ya kipande cha nyama kama abiria asiyelipa nauli, ukashuka tumboni mwa nguruwe mmoja, na kabla mwezi haujaisha ukafagia wilaya nzima. Wakaguzi wakijua, hufunga shamba. Wanyama wasitoke, na huenda wakauawa wote wakachomwa, wala mtu asionje hata kipande.

Na Audrey alikuwa ameyaona hayo kwa macho yake. Mwaka 2001, ule mwaka wa ugonjwa wa miguu na midomo, ng'ombe wake wote walipigwa risasi mbele ya mlango wake. Mioto ikawaka hadi mapazia ya nyumba yakanuka nyama. Ilisemekana ugonjwa ule ulianzia kwenye makombo ya jikoni waliyopewa nguruwe, mbali kabisa na kwake. Kwa hiyo Peninah alipokuja kuomba ardhi, Audrey hakumuuliza ametoka wapi wala ana uzoefu gani. Alimwekea sharti moja tu, kwamba hakitaingia pale chakula cha jikoni, chake wala cha mtu mwingine. Peninah akampa neno lake. Walipeana mikono pale langoni.

Sasa mbwa alibweka, na Audrey akatokea katika ukungu, fimbo mkononi, uso umekunjamana kama gome la mti. Alipita kila Jumapili asubuhi. Hakuwa mwanamke wa maneno matamu.

"Umesimama kama askari," akasema. "Kuna nini?"

Peninah alikuwa ameinuka na kusimama mbele ya hori. Hakukumbuka ni wakati gani. Mfupa ulikuwa ndani ya mfuko wa koti lake.

"Hakuna kitu."

"Mbona wamelala hawa? Wagonjwa?"

"Ni baridi tu."

Audrey aliwatazama nguruwe, akamtazama yeye. "Mimi sipendi watu wanaonijibu haraka," akasema, akageuka na mbwa wake. Hakuaga. Ukungu ukamfunga kama mlango.

Peninah alilisafisha hori kwa mikono, akaokota punje kwa punje, akatia kila kitu ndani ya mfuko wa takataka, huku akilia kwa hasira. Makombo aliweza kuyaokota. Ule uongo hakuuokota, aliondoka nao.

Ibada yao ilifanyika katika ukumbi wa kukodi kule Lozells. Peninah aliimba bila sauti. Sahani ya mkate wa meza ya Bwana ilipomfikia, aliipitisha kwa aliyekaa kando yake bila kuchukua, na mama yule akamtupia jicho la kuuliza. Mbele, kwenye viti vya wazee wa kanisa, Njoroge alikuwa ameketi na tai yake ya kijani, akiitikia "Amina" kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri.

Huyu Njoroge alikuwa kaka mkubwa wa Ronny, marehemu mume wa Peninah, naye alimwita Peninah Mama Beverly, kwa jina la mtoto wake. Siku za kazi aliendesha basi. Ujanani, kwa baba yake huko Gatundu, alifuga nguruwe katika vyumba vya mawe, akawanenepesha kwa makombo ya hoteli za Thika. Tangu siku ya kwanza alimwambia Peninah kwamba msitu si mahali pa nguruwe. Hata hivyo alisaidia kusimika nguzo za uzio, na kwa kuwa Peninah alikuwa na zamu za hospitali, alipewa ufunguo wa lango ili awatilie maji inapobidi.

Ibada ilipokwisha na watu wakakusanyika kunywa chai, Peninah alimfuata kwenye kona karibu na birika.

"Shemeji, nani aliwalisha nguruwe jana jioni?"

Njoroge akakoroga chai yake. "Kwani? Wameshiba?"

"Nakuuliza."

"Ni mimi. Na bado sijasikia asante."

"Nilikwambia maji tu."

"Uliniambia. Nikaenda nikawaona. Mama Beverly, nilitaka kulia! Mbavu zimejipanga nje kama nyaya za uzio. Nguruwe wa nyumba ya baba yangu hao, wanaookota mbegu chini ya miti kama kuku wasio na mwenyewe!"

"Punguza sauti."

Hilo lilikuwa kosa. Njoroge hakupenda kuambiwa apunguze sauti, na mwanamke ambaye mdogo wake alifia mikononi mwake, kama alivyopenda kusema, ndiye wa mwisho aliyeruhusiwa kumwambia. Akageukia ukumbi, akapaza.

"Jamani, njooni msikie maajabu! Leo nina kesi. Nguruwe wa Mama Beverly wamekula pilau!"

Watu wakacheka. Sauti moja ikatoka nyuma, "Kwani waliletewa bila kachumbari?" Kicheko kikazidi.

Angeline, mke wa Njoroge, akapenya katikati na kikombe chake. "Hebu, kwani shida ni nini? Hizo ndoo nilizijaza mimi. Akina mama walikuwa wanataka kumwaga chakula kwenye pipa. Chakula cha Mungu! Nikasema hapana, dada yetu ana wanyama."

"Angeline, mlitia na mifupa."

"Kulikuwa na nyama bado kwenye hiyo mifupa! Ama nguruwe wako ni wa kizungu, wanakula kwa uma?"

Peninah akavuta pumzi. Akawaeleza. Akasema sheria ilivyo, na ugonjwa unavyosafiri, na neno alilompa Audrey langoni. Alisema polepole kama anavyosema na jamaa za mgonjwa wodini. Alipomaliza, kicheko kilikuwa kimekwisha, lakini si kwa sababu walimwelewa. Kilikuwa kimegeuka uhasama.

"Kwa hivyo," akasema Angeline, "chakula chetu ni sumu."

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Tunachokula sisi na watoto wetu hakifai nguruwe wa huyo mzungu wako."

"Ni wangu nguruwe."

"Basi kama ni wako, nani atajua?" Njoroge akaingilia, na sasa alishusha sauti, sauti ya mtu mzima anayemsaidia mjinga. "Watasema wao? Jumanne wanachinjwa, Jumatano wako kwenye sufuria. Ushahidi utakuwa umeliwa. Na hata Bwana, alipolisha umati, si aliamuru masalio yaokotwe yasipotee?"

"Hakuamuru yatupiwe nguruwe, shemeji."

Mtu mmoja akaguna. Njoroge hakutabasamu.

"Jumanne," Peninah akaendelea, "kabla hawajapakiwa, natakiwa kutia sahihi kwamba hawakula kitu kilichokatazwa. Nisipotia, wakaguzi watauliza kwa nini."

"Tia."

"Niape uongo?"

"Kalamu si ulimi."

"Kwa Mungu ni kitu kimoja."

"Ndiyo haya!" Njoroge akawageukia wengine. "Mnamwona? Tangu ndugu yangu afe, huyu amekuwa malaika. Hashauriwi, haambiliki. Nilimwambia ajenge vyumba kama wanaume wanavyojenga. Nikamwambia nyama inayotembeatembea msituni itakuwa ngumu kama tairi. Akaniambia eti nguruwe wake lazima wawe na raha. Raha! Ronny alikufa bila kuona raha, nguruwe ndio waione?"

Maneno hayo yalimpiga Peninah mahali palipokuwa bado pabichi. Akakishika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Nipe ufunguo wa lango," akasema.

Njoroge akatoa ufunguo mfukoni, akauinua watu wauone, akauachilia ndani ya kikombe cha Peninah. Chubwi.

"Kunywa," akasema.

Hapo ndipo Mchungaji Lennox alipofika, akiwa bado na vazi lake la ibada. Alikuwa kijana, na aliwaogopa wazee wake kuliko alivyomwogopa shetani. Aliweka mkono begani mwa Njoroge, na mwingine akautua hewani karibu na bega la Peninah.

"Wapendwa, tusimpe adui nafasi. Dada Peninah, jambo hili tuliweke kwenye maombi. Kumfikisha mzee wa kanisa mbele ya serikali si jambo la kukurupukia. Tuombe kwanza."

"Nimeomba, Mchungaji. Naomba tangu alfajiri. Kila nikiomba napata jibu lile lile, na nyinyi mnataka niombe tena hadi jibu libadilike."

Mchungaji akaurudisha mkono wake.

"Hana adabu," akasema Angeline kwa sauti ya kusikika.

"Ananitafutia jela," akasema Njoroge. "Kwa ajili ya pilau. Mke wa ndugu yangu mwenyewe. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa wameniona mimi."

Peninah akaweka kikombe juu ya meza, ufunguo ungali ndani. Alikuwa na neno moja ambalo Ronny alimwachia, na kwa miaka yote hakuwahi kulitumia. Alijua kwamba akishalitoa halirudi.

"Shemeji, nguruwe wa baba yako walikufa na nini?"

Njoroge akakaza macho. "Usiingize baba yangu."

"Walikufa wote kwa juma moja. Masikio yakawa mekundu, wakaanguka mmoja mmoja. Ronny alikuwa mdogo, alinisimulia. Na mkasema jirani yenu amewatilia sumu, yule mzee wa ng'ambo ya mto. Mkamchongea kwa chifu. Hadi anaingia kaburini hamkumsalimia, na watoto wake hadi leo mkikutana nao njiani mnatazama pembeni."

"Alitutilia sumu!"

"Ilikuwa homa ya nguruwe. Masikio mekundu, homa kali, kufa wote. Iliingia na mapipa kutoka Thika. Mlienda kuileta nyinyi wenyewe, kwa mkokoteni wenu, mkawamiminia. Yule mzee hakuwa na kosa."

Hata watoto waliokuwa wakikimbizana kwenye viti walisimama, bila kujua kwa nini. Kwa muda mfupi uso wa Njoroge ulikuwa uso wa mtu aliyebomolewa ukuta wa nyumba na kuona kilicho nje. Kisha akaujenga tena, haraka, kwa hasira, jiwe juu ya jiwe.

"Umemtukana baba yangu," akasema, sauti imekauka. "Mbele ya kanisa."

"Nimesema kilichowaua nguruwe."

"Nyamaza! Umesema mengi. Umesema sheria, umesema Mungu, umesema hata wafu wetu. Sasa nasema mimi." Akamnyooshea kidole. "Wewe ni mwanamke wa maneno tu. Unatupigia kelele hapa ili tukuone mtakatifu, halafu Jumanne utapakia nguruwe wako, utatia sahihi, utanyamaza kama kila mtu. Nakujua. Leo asubuhi ulipokuwa huko, yule mzungu wako alipita?"

Peninah akautazama ufunguo ndani ya kikombe.

"Si hupita kila Jumapili? Alipita?"

"Alipita."

"Ulimwambia?"

Peninah alihisi macho yote yakimgusa usoni, moja moja, kama mvua inayoanza. "Sikumwambia."

"Aaa!" Njoroge akapiga makofi mara moja. Angeline akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mmesikia? Malaika alinyamaza! Basi asituhubirie. Ama kama ana ubavu, asimame hapa aape. Aseme mbele ya kanisa zima atafanya nini, tumsikie, tuwe mashahidi. Apa basi! Apa, Mama Beverly!"

"Mzee, imetosha," akasema Mchungaji Lennox.

"Haijatosha. Apa!"

Peninah alitazama huku na huku, akitafuta uso mmoja tu ulio upande wake. Hakuupata. Wengine walitazama viatu vyao, wengine walimtazama yeye kama mtu anayepitwa na basi la mwisho. Akafumba macho. Aliwaona wale tisa chini ya mialoni, wakisukumana kwa pua zenye udongo, wakila mbegu walizoangushiwa na Mungu bila kumdhuru mtu. Hakuna hata mmoja wao aliyeomba pilau. Na mwaka mzima alikuwa akiamini kwamba kuwatendea haki ni kuwapa nafasi, majani makavu na kivuli. Sasa aliona kwamba haki yao ilikuwa imebaki mdomoni mwake, na mdomo ule ule asubuhi ulikuwa umewakana.

Akafumbua macho. Akavua kitambaa cha kichwani, akakikunja, akakishika mkononi kama afanyavyo anapoomba peke yake chumbani. Sauti yake ilipotoka haikuwa kubwa, lakini ilifika hadi mlangoni.

"Mimi Peninah, mke wa marehemu Ronny, nasema mbele ya Mungu na mbele yenu nyote mnaonichukia leo. Nikitoka hapa nakwenda kwa Audrey, na kabla giza halijaingia atasikia kutoka kinywani mwangu kwamba nilimdanganya. Akinifukuza, nitaondoka. Kesho ofisi zikifunguliwa nitawapigia wakaguzi simu, na Jumanne hakuna nguruwe wangu atakayetoka kwenye lango lile. Wakiniuliza nani alipika, nitasema ni mimi. Wakiniuliza nani alibeba, shemeji, nitasema ni wewe. Wakisema wafe, nitakaa nao pale matopeni hadi afe wa mwisho, wala sitamwachia mtu mwingine kazi hiyo. Na Mungu akinipa tena hata mmoja, nitamfuga vile vile, nje, chini ya miti, na neno nitakalompa mwenye ardhi sitalivunja. Mmetaka niape. Nimeapa."